Mgonjwa mahututi hawezi kungoja siku tatu

Nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, katika hospitali yo yote kubwa, pana benchi. Ndugu msomaji, kama hujapata kuketi juu ya benchi hilo, shukuru Mungu. Kama umepata kuketi, utakumbuka jinsi saa zinavyokwenda mahali hapo. Chupa ya chai iko chini ya miguu, uji umekwisha poa, na kila mlango unapofunguliwa watu wote huinua vichwa. Muuguzi hutoka na cheti: inatakiwa sindano fulani. Kijana mmoja hukimbilia duka la dawa. Siku ya tatu hutoka cheti kingine. Ile sindano ya kwanza imesimamishwa, sasa inatakiwa nyingine, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya mwanzo.

Hapo ndipo manung'uniko huanza. Kumbe siku zote hizi walikuwa wakimjaribu mtu wetu? Kama ipo dawa yenye nguvu zaidi, kwa nini hawakumpa tangu usiku ule alipoletwa?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake haliko mlangoni pa chumba kile. Liko mbali kidogo, aghalabu katika jengo jingine kabisa, ambako watu waliovaa makoti meupe wanaangalia visahani vilivyotiwa vijidudu. Nyumba hiyo ni maabara, na mgonjwa huenda asipate kuwaona watu hao hata siku moja, ilhali uhai wake umo mikononi mwao kama ulivyo mikononi mwa daktari.

KUKISIA

Daktari anapompokea mgonjwa usiku wa manane, homa imepanda, mapigo ya moyo yanakwenda mbio na shinikizo la damu limeshuka, hutambua kwamba vijidudu vimeingia katika damu. Asichoweza kukitambua kwa macho ni aina ya vijidudu hivyo na dawa itakayoviua. Basi hukisia. Ni kukisia kwa mtu aliyesoma, anayejua magonjwa ya mahali pake na dawa ambazo kwa kawaida huyashinda. Hata hivyo ni kukisia. Zamani kukisia huko kulifanikiwa mara nyingi, kwa kuwa vijidudu vingi vilikufa kwa dawa nyingi. Siku hizi sivyo. Bakteria wamejifunza kuzikabili antibiotiki, na wanaoitwa sugu huendelea kuzaana mbele ya dawa kana kwamba mgonjwa amedungwa maji.

Usugu huu si jambo la jana. Mwezi Desemba 1940 wataalamu wawili wa Oxford, Abraham na Chain, walitangaza kwamba wameona bakteria wanaotengeneza kimeng'enya cha kuiharibu penisilini. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa na kundi lao kwa sindano za dawa hiyo alikuwa bado hajaipata. Yeye alianza kudungwa Februari 1941. Yaani adui alikwisha pata ngao kabla mshale haujatupwa. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, naye alionya hadharani alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba kuitumia dawa hiyo kwa kiasi kidogo kuliko kinachotakiwa kutawafunza vijidudu kuistahimili.

Na kwa nini daktari asianze moja kwa moja na dawa iliyo kali kuliko zote? Kwa sababu kila dawa inapotumika huwaua bakteria walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Ikiwa kila mwenye homa atapewa dawa ya mwisho, dawa hiyo nayo itakwisha nguvu, na atakayeletwa mwaka ujao hatakuwa na kitu. Daktari yumo kati ya maovu mawili: akianza na dawa hafifu huenda akampoteza mgonjwa wake, akianza na kali huenda akawapoteza wagonjwa asiowajua. Maabara tu ndiyo iwezayo kumtoa katika shida hiyo, tena kama itasema mapema.

Chumba cha mahututi ndicho mahali pabaya kuliko pengine pote kwa jambo hili. Mwili una kuta zake: ngozi, koo linalokohoa, mkojo unaosafisha njia yake. Mgonjwa mahututi kuta hizo zimetobolewa ili aokolewe. Mrija wa mashine ya kupumulia umepita kooni, mwingine umeingia katika mshipa mkubwa wa damu, na mpira wa mkojo uko mahali pake. Kila mrija ni uhai, na kila mrija ni njia kwa kijidudu. Ongeza juu ya hayo dawa nyingi anazopewa, na mikono mingi inayomgusa mchana na usiku.

SIKU TATU

Na tuifuate damu yenyewe. Muuguzi husafisha ngozi kwa uangalifu, huvuta damu na kuitia katika chupa maalumu zenye maji ya chakula cha bakteria. Damu hiyo ikiwekwa moja kwa moja chini ya hadubini aghalabu haionekani kitu, kwa maana hata katika mtu aliye taabani bakteria walio ndani ya mililita moja ya damu huweza kuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Sharti waachwe wazaane kwanza. Chupa huingia katika kabati lenye joto kama la mwili wa binadamu, na katika maabara zenye mashine mpya chombo chenyewe hupiga kengele kinapohisi hewa wanayoitoa bakteria wanapokua. Aghalabu hiyo ni siku ya pili.

Kisha tone huwekwa juu ya kioo na kupakwa rangi kwa njia aliyoibuni Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884. Bakteria wengine hubaki zambarau, wengine huwa wekundu. Njia hiyo ina umri mkubwa kuliko reli yetu ya kati, na bado ndiyo habari ya kwanza ya kweli ambayo daktari huipata. Inamwambia ni jamaa gani ya adui. Haimwambii dawa.

Kwa ajili ya dawa, bakteria hupandwa katika kisahani chenye chakula kilichoganda mfano wa uji wa jana, wakalala usiku kucha ili wapatikane walio safi, wa aina moja. Ndipo hupandwa tena katika kisahani kingine, na juu yake huwekwa vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Usiku mwingine tena. Asubuhi mtaalamu hutoa kisahani na kuangalia: dawa inayoua imejifanyia duara tupu, na dawa isiyofaa imezungukwa na bakteria hadi ukingoni mwa karatasi. Hupima maduara hayo kwa rula. Jibu sasa limepatikana, na siku ya tatu imekwisha timia.

Siku tatu ni nyingi kiasi gani? Mwaka 2006 madaktari wa Canada na Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya wagonjwa ambao maambukizi yalikuwa yameangusha shinikizo lao la damu. Waliona kwamba katika saa sita za mwanzo, kila saa moja ya kuchelewa ilipunguza nafasi ya kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Na tusome vizuri: walichokuwa wakikihesabu ni kuchelewa kwa dawa inayofaa. Mgonjwa aliyedungwa upesi dawa ambayo bakteria wake wanaidharau, kwa hesabu hiyo alikuwa bado hajatibiwa.

BETHESDA

Katikati ya Juni 2011 mama mmoja mwenye umri wa miaka 43, aliyepata kupandikizwa mapafu, alihamishwa kutoka hospitali moja ya New York kwenda hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, iliyoko Bethesda karibu na Washington. Barua zake zilieleza kwamba alikuwa na bakteria aitwaye Klebsiella, mwenye kimeng'enya kiharibucho hata karbapenemu, dawa ambazo madaktari huziweka akiba ya mwisho. Hospitali ilijiandaa barabara. Mama huyo aliwekwa peke yake, na kila aliyeingia kwake alivaa joho na glavu. Mwezi Julai aliondoka akiwa hai. Hakuna mgonjwa mwingine aliyeonekana kuwa na kijidudu kile, na hospitali ikashusha pumzi.

Mwanzoni mwa Agosti bakteria wa namna ile ile alipatikana kwa mgonjwa mwingine, ambaye hakuwamo katika chumba cha mahututi wakati mmoja na yule mama. Baada yake akaonekana wa tatu, kisha wa nne, na kwa muda ikawa kama kwamba kila juma lina mtu wake. Hadi mwisho wa mwaka waliohesabiwa walikuwa 18. Kati yao 11 walifariki dunia, na vifo 6 madaktari walivihusisha moja kwa moja na maambukizi hayo. Wengi walikwisha kuwa dhaifu kwa maradhi mengine. Ilibaki kolistini, dawa ya zamani iliyokuwa imewekwa kando kwa sababu hudhuru figo, na kwa baadhi yao hata hiyo ilishindwa.

Hospitali haikukaa kimya. Ilijenga ukuta ili kuwatenga wenye kijidudu, iling'oa mabomba ya masinki ambamo bakteria walipatikana, ilifukiza vyumba kwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi, na iliweka watu ambao kazi yao ilikuwa kusimama na kuangalia kama kila daktari na kila muuguzi ananawa mikono. Mashine moja ya kupumulia ilikutwa na kijidudu kile ingawa ilikwisha kusafishwa kwa dawa ya klorini. Nani kati yetu angaliidhania mashine iliyooshwa?

Wataalamu wa vinasaba waliisoma herufi kwa herufi hati ya urithi ya bakteria wa kila mgonjwa, mamilioni ya herufi, wakatazama tofauti ndogo ndogo zilizozaliwa njiani. Ikadhihirika kwamba maambukizi yote yalitoka kwa mama yule mmoja, tena kwa zaidi ya safari moja. Ikadhihirika pia kwamba mpangilio wa wagonjwa kugunduliwa haukuwa mpangilio wa wao kuambukizwa. Wako waliokibeba kijidudu kwa majuma bila homa, bila kikohozi, bila dalili yo yote, wakakipitisha kwa jirani ambaye yeye ndiye aliyeugua kwanza.

Matokeo yalipochapishwa Agosti 2012, magazeti ya ulimwengu yalisifu zaidi elimu ya vinasaba, na sifa hiyo inastahili. Lakini mimi naona chombo kilichofanya kazi kubwa zaidi ni kijiti chenye pamba. Wagonjwa wasio na dalili walipimwa kwa kupitishwa kijiti hicho kwenye njia ya haja kubwa, kwa kuwa Klebsiella hupenda kujificha matumboni. Wa chumba cha mahututi walipimwa mara kwa mara, kisha hospitali nzima. Hivyo ndivyo waliofichika walivyojulikana na kutengwa. Kama wangalingojea homa itoe habari, wangalikuwa wanamfuata adui kwa nyuma siku zote.

MAJIBU YA SAA CHACHE

Tangu siku zile kazi ya kuzifupisha siku tatu imeendelea. Mwaka 2012 wataalamu wa Ufaransa walieleza kipimo chepesi: bakteria huchanganywa na dawa ya karbapenemu katika maji yenye rangi nyekundu. Kama wana kimeng'enya cha kuiharibu dawa, uharibifu huo huzaa asidi, na maji hugeuka manjano katika muda usiozidi saa mbili. Hakitaki mashine kubwa, hutaka macho. Kamati ya Ulaya ya kupima usugu, EUCAST, imeweka utaratibu wa kuchukua damu iliyo katika chupa iliyokwisha kuonyesha ukuaji, kuimwaga moja kwa moja juu ya kisahani chenye vile vidonge vya karatasi, na kuyasoma maduara baada ya saa 4, 6 au 8. Vifaa ni vile vile vya zamani. Kilichobadilika ni kwamba sharti pawepo mtu wa kukisoma kisahani hicho saa nane za usiku kama ndipo muda wake ulipotimia.

Iko pia mashine ambayo wakazi wa miji yetu wanaifahamu, ingawa kwa sababu nyingine. Ni ile ya GeneXpert, inayotumika katika hospitali nyingi za Tanzania kupima kifua kikuu. Mashine hiyo hiyo, ikitiwa kasha jingine, husoma kijiti cha pamba na kwa muda usiotimia saa moja hueleza kama ndani yake mna jeni za jamii tano kubwa za vimeng'enya viharibuvyo karbapenemu. Isichukuliwe kuwa ni mwisho wa mambo. Inaziona jamii hizo tano tu. Bakteria aliye sugu kwa njia nyingine, mathalani kwa kuifunga milango ambayo dawa hupitia, atapita mbele yake salama salimini. Kuotesha bado kunahitajika. Kasha hutangulia tu kubisha hodi.

MUHIMBILI

Msomaji atasema hayo ni mambo ya nchi zenye fedha. Basi turudi nyumbani. Kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002 wataalamu wa Tanzania na Norway waliwachunguza watoto zaidi ya 1,600 walioletwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili wakiwa na dalili za maambukizi. Hawakuwa watoto wa chumba cha mahututi peke yao. Walikuwa watoto wa mji wa Dar es Salaam, wana wa wafanyakazi kama sisi. Damu yao ilioteshwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Miongoni mwa wale ambao damu yao ilikuwa na bakteria wa jamii ile inayopakika rangi nyekundu kwa njia ya Gram, waliofariki walikuwa asilimia 43.5. Miongoni mwa waliokuwa na malaria walikuwa asilimia 20.2. Kupewa dawa isiyofaa kwa sababu ya usugu kulikuwa ni mojawapo ya mambo yaliyokwenda pamoja na kifo.

Sisi tumelelewa kuiogopa malaria, na kila homa tuliipa jina hilo. Hesabu hiyo ya Muhimbili inafaa isomwe mara mbili. Mwaka 2014 wataalamu wa Bugando, Mwanza, nao walichapisha habari za kupatikana kwa jeni za vimeng'enya viharibuvyo karbapenemu katika bakteria sugu wa hospitali yao. Kwa hiyo lile lililoitikisa Bethesda lilikwisha fika ziwani. Duniani kote, kwa makadirio yaliyotolewa na kundi kubwa la watafiti mwaka 2022, vifo milioni 1.27 vilivyotokea mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria.

Elimu ipo, na wataalamu wetu wameithibitisha kwa kazi yao. Jambo gumu ni mambo madogo madogo ambayo hayaandikwi katika majarida: chupa za kuoteshea damu ziwepo siku zote, umeme usikatike kabati la joto likapoa, damu iliyotolewa Ijumaa jioni isilale hadi Jumatatu kwa kukosa wa kuipokea, na jibu likipatikana, mtu apige simu wodini saa ile ile, asiliache karatasini likingoja tarishi. Mashine ya saa moja katika maabara inayofungwa saa tisa na nusu alasiri ni mashine ya saa kumi na saba.

BENCHINI

Wewe uliyeketi benchini huna mamlaka juu ya hayo yote, ila una sehemu yako. Waweza kumwuliza daktari, kwa adabu na bila kumshitaki, kama damu ya kuotesha imekwisha chukuliwa, na jibu linatarajiwa lini. Ni afadhali damu hiyo ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza ya antibiotiki, maana dawa ikitangulia huweza kuwaangamiza bakteria wachache waliomo chupani na kuwaacha walio mapafuni au matumboni. Chupa ikabaki kimya, na daktari akabaki gizani. Lakini mgonjwa aliye taabani hacheleweshwi dawa kwa sababu ya chupa.

Wakitaka kumpima mgonjwa wako kwa kijiti cha pamba ilhali hana dalili, usione ni fedheha wala udhia. Na kama akikutwa na kijidudu, kisha akatengwa na watu wakaanza kuingia kwake na majoho, haina maana kwamba amefanya kosa, wala kwamba anakufa. Yule mama wa Bethesda aliondoka kwa miguu ya uzima. Nawa mikono unapoingia, nawa unapotoka, hata kama hukumgusa ila kumshika vidole.

Liko jambo moja zaidi, na hili daktari hawezi kulijua asipoambiwa. Wengi wetu kabla ya kufika hospitali tumekwisha pita duka la dawa. Tumenunua vidonge vya siku mbili, pengine nusu ya dozi kwa kuwa fedha haikutosha, au tumemalizia vilivyobaki kabatini tangu mtoto alipougua koo. Tukiulizwa huona haya, tukasema hajatumia kitu. Dawa hizo ndizo zinazomwonyesha daktari ni zipi zimekwisha shindwa, na ndizo zinazomweleza mtu wa maabara kwa nini chupa yake haioti. Rudi nyumbani, tazama chini ya mto na juu ya kabati, uilete ile paketi hata kama ni tupu.